Kwa nini programu bora ya sataranji haimo kwenye orodha ya mabingwa wa dunia?

Swali lililonifikia limetoka kwa kijana wa Sinza, hapa Dar es Salaam, anayesoma kompyuta chuoni na ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akiandika programu yake mwenyewe ya kucheza sataranji. Anaeleza kwamba kwenye kijiwe chao, ambako wazee hucheza drafti na vijana husogeza sataranji meza ya pili, kuna msemo mmoja ambao hakuna anayeupinga: asiyeingia mashindanoni anaogopa kufungwa. Alipotazama orodha ya mabingwa wa dunia wa sataranji ya kompyuta hakuiona Stockfish, ambayo karibu kila mchezaji anaitumia kuchambua michezo yake, wala hakuiona AlphaZero iliyozungumzwa dunia nzima mwishoni mwa mwaka 2017. Anauliza kwa nini programu hizo zilikaa pembeni, na kama yeye aipeleke ya kwake mashindanoni itakapokamilika.

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe kisha nilifafanue. Mashindano ni kipimo kimoja tu kati ya vipimo kadhaa, nacho kina gharama na masharti yake, kwa hiyo mwandishi wa programu huingia pale tu anapokuwa na hitaji ambalo mashindano hayo yanaweza kulitimiza. Wapo ambao hawakuwa na hitaji hilo, wapo ambao masharti yaliwazuia, na wapo wachache ambao hawakutaka msimbo wao ufunguliwe na kuchunguzwa. Makundi haya matatu hayafanani hata kidogo, na kosa la msemo wa kijiweni kwenu ni kuyachanganya.

Ubingwa wa dunia unaouzungumzia ulichezwa mara ya kwanza Stockholm mwaka 1974 na ukachukuliwa na Kaissa, programu ya Umoja wa Kisovyeti. Wakati ule kompyuta zilikuwa za kujaza chumba, nyingi zilibaki kwenye vituo vyao, na hatua zilipitishwa kwa simu hadi ukumbini. Mtu aliyetaka kujua programu yake ina nguvu kiasi gani hakuwa na njia nyingine ila kuikutanisha na za wenzake, na waandishi walikutana pia ili wajifunze, kwa sababu fani ilikuwa changa na maandishi yake yalikuwa machache. Mwaka 1977 waliunda chama chao cha kimataifa, na desturi za miaka hiyo ziliendelea kuongoza mashindano kwa miongo iliyofuata. Mwandishi au mwakilishi wake alitakiwa awepo ukumbini, akae mbele ya ubao, asome hatua kwenye skrini na kusogeza kete kwa mkono wake kwa niaba ya mashine.

Sasa iweke Stockfish mbele ya sharti hilo. Ilizaliwa mwaka 2008 kutokana na programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuutumia na kuubadilisha, iliyoitwa Glaurung, ya Tord Romstad wa Norway, ambayo Marco Costalba wa Italia aliichukua na kuiendeleza, na tangu hapo imepita mikononi mwa mamia ya watu wa kujitolea katika nchi nyingi. Ni kazi ya msaragambo: kila mmoja anakuja na jembe lake, analima kipande chake, anaondoka. Haina kampuni inayoiuza wala mfuko wa safari, na hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama na kusema kwamba yeye ndiye mwandishi. Ukiuliza nani apande ndege kwenda kukaa ukumbini kwa wiki moja, na nani alipe ada ya kuingia, hupati jibu lililo dhahiri. Hiyo peke yake ingetosha kueleza kutokuwepo kwake, lakini ipo sababu ya ndani zaidi, ambayo wewe unayeandika programu unapaswa kuielewa vizuri kuliko nyingine zote.

Sababu hiyo ni hesabu. Chukua mashindano ya raundi 11, ambayo ni urefu wa kawaida kwa ubingwa wa aina ile, na uchukulie kwamba programu mbili zina nguvu sawa na karibu nusu ya michezo yao huisha kwa sare. Bahati peke yake inaweza kuipandisha au kuishusha mojawapo kwa kiasi ambacho, kikigeuzwa kuwa pointi za Elo, yaani kipimo cha nguvu za wachezaji wa sataranji, kinafika takriban 150 kila upande. Maana yake ni kwamba programu dhaifu kwa pointi 50 inaweza kabisa kurudi nyumbani na kombe bila mtu yeyote kukosea. Wazee wenu wa drafti wanalijua jambo hili bila kulikokotoa, kwa kuwa hakuna anayekubali kwamba fulani ni bora kwa sababu ya ushindi wa jioni moja. Wanasubiri msimu mzima.

Linganisha na namna Stockfish inavyojipima. Tangu mwaka 2013 ina mfumo unaoitwa Fishtest, ulioanzishwa na Gary Linscott, ambamo watu wa kujitolea huazima nguvu za kompyuta zao, na kila badiliko dogo linalopendekezwa kwenye msimbo huchezeshwa dhidi ya toleo lililopo kwa maelfu ya michezo, mara nyingi makumi ya maelfu, kabla halijakubaliwa au kukataliwa. Maendeleo ya programu zilizokomaa huja kwa pointi moja au mbili za Elo kwa wakati, na ili kulitambua badiliko la pointi mbili kwa uhakika unahitaji michezo ipatayo elfu hamsini. Kwa timu yenye mizani ya namna hiyo, raundi 11 ukumbini hazileti taarifa yoyote mpya kuhusu nguvu ya programu yao. Wakishinda, walikwisha kujua kwamba wana nguvu, na wakishindwa, watasema kwa haki kwamba ni bahati. Nimewaona wanafunzi wengi wakiandika badiliko jioni, wakilichezesha michezo ishirini usiku, na asubuhi wakitangaza kwamba programu yao imepanda. Michezo ishirini haiwezi kukwambia jambo hilo, na mtu akishalielewa hili hawezi tena kuyatazama mashindano mafupi kwa macho yale yale.

Hata hivyo nisiyadharau, kwa kuwa kuna kitu ambacho Fishtest haiwezi kukitoa. Programu inayocheza dhidi ya nakala yake yenyewe huwa na upofu uleule pande zote mbili, na kosa ambalo hakuna upande unaoweza kuliadhibu halionekani. Mgeni ndiye anayelifichua. Programu iitwayo Fritz iliifanyia hivyo mashine ya kampuni ya IBM huko Hong Kong mwaka 1995. Wakati huo mradi wa Deep Blue ulikuwa unajengwa, na mfano wake wa awali ulikwenda kwenye ubingwa wa dunia ukitarajiwa kushinda, lakini ukafungwa na programu iliyokuwa ikiendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, na kombe likachukuliwa na Fritz. Miaka miwili baadaye, Mei 1997, Deep Blue iliyokamilika ikamfunga Garry Kasparov jijini New York kwa 3.5 dhidi ya 2.5, ikiwa na uwezo wa kuchunguza takriban nafasi milioni 200 kwa sekunde. Baada ya hapo haikucheza tena.

Je, iliogopa? Nadhani swali hilo linaikosea IBM kidogo. Kampuni ile ilikuwa imeweka lengo moja, kumshinda bingwa wa dunia wa kibinadamu katika michezo ya muda wa kawaida, na lengo lilikuwa limetimia mbele ya macho ya dunia nzima. Kuirudisha mashine dhidi ya programu za bei ya dukani kusingeongeza chochote kwenye sifa hiyo, na Hong Kong ilikuwa imekwisha kuonyesha kinachoweza kupunguzwa. Ni uamuzi wa kibiashara wenye busara kwa upande wao. Kwa upande wetu sisi tunaotaka kujua, ni hasara, kwa sababu mashine iliyocheza michezo michache kiasi hicho hadharani haiwezi kupimwa vizuri na mtu yeyote.

AlphaZero ni hadithi inayofanana na hiyo. DeepMind, kampuni ya Google ya utafiti wa akili bandia, walitangaza Desemba 2017 kwamba programu yao, iliyojifunza kwa kucheza yenyewe bila kufundishwa ufunguzi wowote wa kibinadamu, ilikuwa imecheza na Stockfish michezo 100, ikashinda 28, ikatoka sare 72 na haikupoteza hata mmoja. Lengo lao lilikuwa utafiti kuhusu namna mashine inavyojifunza, na sataranji ilikuwa uwanja wa majaribio tu. Hawakuiuza, hawakuitoa kwa umma, na ilihitaji vichakato maalumu ambavyo kampuni ilivitengeneza yenyewe. Sina sababu ya kutilia shaka uaminifu wao. Lakini mechi iliyoandaliwa na mmoja wa wachezaji, kwa masharti aliyoyachagua yeye, ina udhaifu ambao hauondolewi na uaminifu. Watu waliuliza mara moja kwa nini Stockfish ilipewa gigabaiti moja tu ya kumbukumbu ya kuhifadhi mahesabu yake huku ikiendesha mahesabu 64 kwa sambamba, na kwa nini muda ulikuwa dakika moja kamili kwa kila hatua ilhali Stockfish ina ujuzi wa kugawa muda wake mwenyewe. DeepMind walirudi mwaka 2018 na mechi ya michezo 1,000 yenye masharti bora, wakashinda 155, wakapoteza 6, na iliyobaki ikawa sare. Hiyo ilijibu mengi, ingawa bado ilichezwa nyumbani kwao.

Kilichomaliza ubishi kwa watu wa fani, kwa maoni yangu, ni Leela Chess Zero. Hiyo ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2018 na watu wa kujitolea kwa kufuata maelezo ambayo DeepMind walikuwa wameyachapisha, na yenyewe haikukaa pembeni. Iliingia mashindano ya mtandaoni yaitwayo TCEC ikiwa bado changa, ikafungwa, ikarudi, na mwaka 2019 ikaishinda Stockfish katika fainali ya michezo 100 kwa 53.5 dhidi ya 46.5, kwenye mashine ambazo hakuna upande uliozichagua kwa faida yake. Hapo wazo la AlphaZero likawa limethibitishwa mbele ya watu wote, na aliyelithibitisha hakuwa AlphaZero.

Nimeitaja TCEC, na hapa ndipo orodha uliyoitazama ilipokupotosha. Stockfish haikuyakimbia mashindano. Ilikuwa ikicheza mahali pengine. TCEC ilianza mwaka 2010 chini ya Martin Thoresen wa Norway, na inachezwa mtandaoni kwenye kompyuta ya waandaaji wenyewe. Mwandishi anatuma programu, mashine zote zinapata vifaa vinavyolingana kwa kadiri inavyowezekana, michezo inaonekana moja kwa moja usiku na mchana, na katika hatua za juu kila ufunguzi huchezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi ili upande mmoja usipendelewe. Chess.com nayo ina mashindano yake ya aina hiyo tangu mwaka 2017. Hakuna nauli wala viza, na hakuna mtu wa kusogeza kete. Baada ya njia hiyo kupatikana, ukumbi ulibaki na wale waliopenda kukutana ana kwa ana, na ubingwa wa zamani ukaendelea na washiriki wachache hadi ule wa Santiago de Compostela, Hispania, mwaka 2024, miaka hamsini baada ya Stockholm, ambao chama chenyewe kilitangaza kuwa wa mwisho.

Suala la vifaa lilichangia pia, ingawa sitalikalia sana. Katika ubingwa wa ukumbini kila mmoja alikuja na nguvu alizoweza kuzipata, na mwaka 2015 huko Leiden programu iitwayo Jonny ilishinda ikiwa imeunganishwa na viini 2,400 vya prosesa. Chama kilijaribu mwaka 2009 kuweka kikomo cha viini vinane, kelele zikawa nyingi, kikomo kikaondolewa, na kuanzia mwaka 2010 yakaongezwa mashindano ya pembeni ambamo wote walitumia mashine za aina moja. Mtu mwenye kompyuta moja ya mkononi hakuwa na sababu kubwa ya kwenda kupambana na chumba kizima cha seva.

Kundi la tatu ndilo zito. Kanuni ya ubingwa ilidai kwamba programu iwe kazi halisi ya wale walioiingiza, na kwamba msimbo wake utolewe ukaguliwe ikiwa waandaaji watauomba. Kanuni hiyo ilizua mtikisiko mkubwa ilipofika zamu ya Rybka, ya Vasik Rajlich, iliyoshinda ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2007 hadi 2010. Waandishi kadhaa walilalamika kwamba ndani yake kulikuwa na mambo yaliyotoka kwenye Crafty na Fruit, ambayo msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu kuusoma. Uchunguzi ukafanyika, na mwaka 2011 chama kikaamua kwamba kanuni ilivunjwa, kikaiondolea Rybka mataji yote manne na kumfungia Rajlich maisha. Yeye alikana, na wapo wataalamu waliosema kwamba kufanana kwa namna ya kuthamini nafasi ubaoni si sawa na kunakili mistari ya msimbo. Nami naona hoja yao ilistahili kusikilizwa kwa uzito zaidi, kwa kuwa mpaka kati ya kujifunza wazo na kuchukua kazi ya mtu ndio mpaka wenyewe ambao kila mmoja wetu huuvuka au kuuheshimu anapokaa na msimbo wa wengine mbele yake.

Vyovyote iwavyo, baada ya uamuzi ule hesabu ya kila mwandishi ilibadilika. Kuingia mashindanoni kulimaanisha kuweka saini chini ya maneno kwamba hii ni kazi yangu, na kuwa tayari kuionyesha. Tayari mwaka 2009 ilikuwa imetokea programu yenye nguvu iitwayo Ippolit, ambayo waandishi wake walijificha nyuma ya majina ya bandia. Programu kama hiyo haina wa kutia saini, kwa hiyo haina njia ya kuingia ukumbini hata kama ingeweza kumshinda kila mtu aliyemo. Houdini, ya Robert Houdart wa Ubelgiji, iliongoza vipimo vya wakati wake na kushinda TCEC, lakini haimo kwenye orodha uliyoitazama, na maswali kuhusu asili ya msimbo wake hayakuiacha.

Mambo yamezidi kuwa magumu tangu mwaka 2020, Stockfish ilipoanza kutumia mtandao mdogo wa neva, yaani mfumo unaojifunza kwa mifano, kuthamini nafasi, mbinu iliyobuniwa Japani na Yu Nasu kwa ajili ya mchezo wa shogi. Mtandao wa namna hiyo hufunzwa kwa mamilioni ya nafasi, na nafasi hizo mara nyingi zimetoka kwenye michezo ya programu nyingine. Ikiwa msimbo ni wangu, mtandao nimeufunza mwenyewe, lakini data imetoka kwa Leela, kazi hii ni ya nani? Waandaaji wa mashindano ya mtandaoni wamelazimika kutunga kanuni mpya kuhusu upekee wa programu, na baadhi ya waandishi hukaa nje kwa sababu tu hawana hakika kama wanakidhi kanuni hizo. Pale biashara inapoingia, swali hufika mahakamani. Mwaka 2021 waendelezaji wa Stockfish waliishtaki ChessBase, kampuni inayouza programu za sataranji, kwa kuuza bidhaa zilizotokana na msimbo wao, ikiwemo Fat Fritz 2, bila kufuata masharti ya leseni huria, na shauri likamalizika kwa makubaliano mwezi Novemba 2022.

Kuhusu programu yako mwenyewe, ushauri wangu ni kwamba usitafute mashindano ili ujue nguvu yake. Hakikisha kwanza inazungumza UCI, lugha ambayo karibu programu zote za sataranji hutumia kuwasiliana na ubao wa kompyuta, kisha ichezeshe nyumbani dhidi ya toleo lake la jana na dhidi ya programu huria tatu au nne za kiwango chake. Tumia sekunde 10 kwa kila upande na nyongeza ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila hatua. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inayoendesha michezo minne kwa wakati mmoja itakupa zaidi ya michezo elfu tatu kwa usiku mmoja, umeme usipokatika, na hata ukikatika matokeo yaliyokwisha kuandikwa hayapotei. Utakapoona programu haizimi katikati ya mchezo na haipitishi muda, ndipo uitume kwa watu wa CCRL, ambao huchezesha programu za kila kiwango na kuzipangia pointi, na baadaye TCEC wakikukubali. Huko ni kompyuta zao zitakazofanya kazi, kwa hiyo hutapoteza mchezo kwa sababu ya umeme wa Sinza.

Kabla ya kuituma mahali popote, fungua faili moja la maandishi ndani ya mradi wako na uandike kila kitu ulichokichukua kwa wengine: wazo ulilolisoma, kipande cha msimbo na leseni yake, data uliyofunzia mtandao na mahali ilipotoka. Kama kuna msimbo wa Stockfish ndani yake, leseni inakulazimu kuutoa msimbo wako wote kwa masharti yaleyale utakapoisambaza programu. Fanya hivyo sasa ungali unakumbuka, kwa maana baada ya miaka miwili hutaweza kutofautisha mstari ulioubuni na mstari ulioukuta.